Jua la Silvère

Biryogo, Kigali
28 Machi 1993

Kwa dada yangu Uwase,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta hapo Buyenzi ukiwa mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepoa. Sisi hatujambo, ukiacha vita vya kaskazini ambavyo kila siku vinatuletea wageni wenye magodoro vichwani. Mama anakusalimu sana. Baba naye mzima, ila habari zake nitazifikia.

Umeniuliza kwa nini baba haadhini tena. Nitakueleza, lakini niache nianze na Silvère, maana hasira zangu zote mwezi huu zilianza kwake.

Silvère tunafanya naye kazi biro moja, ofisini kwa mradi wa kilimo. Mashine moja, watu wawili. Huyu bwana huvaa tai hata Jumamosi, na akibonyeza vitufe viwili vitatu hupangusa vidole kwa leso. Programu yake inakadiria mwanga wa jua unaoangukia majani ya chai. Majani, dada! Mimi, baada ya saa za kazi, nilikuwa naandika programu ya nyakati za swala, ili Ramadhani hii mtaa mzima ufuate karatasi moja badala ya kutegemea macho ya wazee.

Sasa elewa jambo moja. Programu haibebi kila kitu tumboni. Hesabu nyingine huwekwa kwenye faili la pembeni, tunaliita maktaba, na programu huliita kwa jina pale inapolihitaji. Ni kama lile sufuria kubwa la shughuli hapa mtaani: halikai kila nyumba, mwenye harusi hutuma watu wakaliazime. Hesabu yangu ya machweo niliiweka kwenye maktaba niliyoipa jina Soleil, yaani jua kwa Kifaransa. Silvère naye, kwa uvivu wake wa kufikiri, ya kwake akaiita Soleil, na kwa kuwa tulisoma kozi moja, hata majina ya hesabu za ndani yakafanana. Akaniambia, kwa ile adabu yake ya kukera, kwamba mmoja wetu abadilishe jina. Nikamjibu abadilishe yeye, mimi natumikia dini na yeye anatumikia chai. Akapangusa vidole kwa leso, majina yakabaki yaleyale.

Ulipokuja kufunga nasi zile siku nane za mwanzo, ulizikuta karatasi zangu zimebandikwa kila nyumba, mpaka kwenye mikahawa. Watu wakaniita injenyeri. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mtu ambaye hata redio yake huwashiwa na mkewe, alinisifu mbele ya safu nzima kana kwamba ameelewa chochote.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifuturu kwa saa yangu ya mkononi, halafu adhana ya baba inakuja tende zimeshaisha, dakika tatu na ushee baadaye? Nilikuambia mzee amechoka. Nilimcheka kwamba anangoja weusi uinuke mashariki kama watu wa enzi za Wajerumani, eti kwa sababu mlima unatuficha jua. Alinijibu mara moja tu: “Mwanangu, usiku bado haujafika. Karatasi yako ina haraka.” Nikamgeuzia mgongo.

Siku ya tisa, wewe ukiwa umeshapanda basi asubuhi, jioni kamati ilikaa. Mwenyekiti akasema mwadhini anawachelewesha Waislamu na futari yao. Wakaniuliza mimi, mwanawe. Nikasimama nikasema karatasi haikosei. Baba akatoa mfukoni ufunguo wa chumba cha kipaza sauti, akauweka mkekani, akaondoka. Alikuwa nao miaka ishirini na tatu.

Siku ya kumi na tano Silvère aliumwa, nikaiwasha mashine peke yangu. Nilitaka kuchapa nakala za watu wa mtaa jirani wa Gitega. Karatasi ikatoka na machweo mengine: yote yamechelewa dakika tatu na ushee. Nilimtukana Silvère matusi yote niliyonayo, nikiamini ameniharibia kazi. Kumbe siku ile nilipochapa zile za kwanza, programu yake ilikuwa wazi pembeni. Maktaba yake ilikuwa tayari kwenye kumbukumbu ya mashine. Programu yangu ilipoita Soleil, mashine haikuuliza Soleil ya nani, ikatoa iliyokuwepo. Na jua la Silvère huhesabiwa limezama likifika nusu, tena bila kuhesabu jinsi hewa inavyopinda mwanga wake na kulichelewesha machoni, kwa sababu majani ya chai hayajali mwanga huo uliobaki. Aliyefunga anajali. Mtaa mzima ulikuwa unafuturu jua halijazama.

Sasa nidharau upendavyo, dada. Nimewadharau wengi, zamu yangu imefika. Sikumwambia mtu. Karatasi ya kweli niliikunja nikaitia mfukoni, kwa kuogopa kupoteza jina la injenyeri. Jioni ile nikaketi mkekani na baba, na mwadhini mpya alipoita sikugusa tende. Nikangoja mpaka baba alipotazama mashariki akaitikia kwa kichwa. Nikafanya hivyo kila siku mpaka mwezi ukaandama. Saumu yangu nikaiokoa, za majirani nikaziacha zipotee, huku nikisikia vijiko vyao ng'ambo ya ukuta. Baba alidhani ninamheshimu. Siku ya mwisho aliniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu, nami, bila haya, nikaitikia amina.

Jana nilimweleza Silvère. Hakucheka. Aliwasha mashine, akabadilisha jina la maktaba yake, akarudi kwenye chai yake. Ijumaa nitasimama mbele ya safu ileile, nimwombe baba radhi na niwaambie watu walipe siku zao. Lakini wewe nimekuandikia kwanza, kwa sababu tende ya siku ya kwanza nilikupa kwa mkono wangu. Uliishika, ukauliza kama tusimngoje baba. Nikakuambia kula.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na Mola awape afya. Unazo siku nane za kulipa, dada. Unisamehe.

Mdogo wako,
Sibomana