Karata Nne kwa Chumba cha Mjomba

Jumamosi, 7 Juni
Nimefua sare, nimechota maji, nimeshinda poka. Kama kawaida. Mjomba Masanja, mpishi wa kambi ya mgodi Geita, yuko likizo. Ndiye aliyetufundisha poka, mchezo wa kushika karata mbili mkononi. Tunacheza kwa dengu za Bibi badala ya pesa.
Leo katangaza kwamba amepata nyumba Geita, anatuachia chumba chake cha hapa nyumbani. Kina meza na dirisha. Mimi nalala na Bibi, anakoroma. Pacha wangu Kulwa analala sebuleni. Sote tuna mtihani wa kidato cha nne. Nakitaka chumba kile kuliko kitu chochote.
Mjomba kasema tukigombee kwa poka. Kulwa kagoma: "Si bora umpe Doto ufunguo tu." Kweli, huwa namshinda. Basi tutacheza Omaha, ya karata nne. Hatuijui sote wawili. Fainali tarehe 21.

Jumapili, 8 Juni
Kanuni. Unapewa karata nne. Mkekani zinafunuliwa tano, kama zamani. Mkono wako ni mbili za kwako na tatu za mkekani. Mbili kamili. Si moja, si tatu. Huruhusiwi kuweka dengu kuzidi zilizo katikati, na lazima useme idadi kwa sauti. Isiposikika, haihesabiki.
Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya. Nilizoea kusukuma dengu zote bila neno, Kulwa anaogopa.

Jumanne, 10 Juni
Aibu. Mkekani kopa nne. Mkononi nina A ya kopa. Kopa tano ni mkono mkubwa, nikaweka mpaka mwisho wa ruhusa.
Mjomba akauliza, "Zipi mbili?"
Sikuelewa.
"Za mkononi, Doto. Kopa zipi mbili?"
Ninayo moja. Kulwa alicheka mpaka akalala chini. "Bingwa wa poka, maktaba yako imeungua."
Nilienda kuokota kuni ambazo hakuna aliyenituma.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeshindwa tena. A mbili, nikazing'ang'ania. Kwenye karata mbili zingetosha. Huku kila mtu ana nne, kila mtu ana kitu. Ninayoyajua ndiyo yanayoniangusha.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya kanisa nimejigawia mikono hamsini peke yangu. Kila mkono nimeandika daftarini: zipi mbili.
Halafu nimefanya mazoezi ya sauti zizini. "Kumi na mbili. Kumi na nane." Bibi akatokea. "Ng'wana wane, mwanangu, unahesabu nini? Mbuzi ni watano."

Jumatano, 18 Juni
Nimeshinda mara mbili, nimeshindwa mara tatu. Sauti bado inakwama. Siachi.

Jumamosi, 21 Juni
Fainali, saa nne asubuhi. Mjomba anagawa.
Tulivutana mpaka Kulwa akabakiza dengu ishirini. Katikati pia ishirini. Mkekani kopa nne, tena. Mkononi nina kopa mbili, 7 na 6. Ndogo. Nimezihesabu mara tatu. Kulwa anatabasamu.
Nikasema, "Ishirini."
"Sijasikia," Mjomba akasema.
"Ishirini!"
Bibi akaitika kutoka jikoni.
Kulwa akasukuma zake zote, akabandika A ya kopa mkekani kabla hajaulizwa. "Kalale na Bibi."
Mjomba akamtazama. "Zipi mbili?"
Kulwa alizipekua karata zake zile nne, akazipekua tena. Sikucheka. Najua pale alipokuwa.

Jumapili, 22 Juni
Mjomba kaondoka na basi la asubuhi. Kulwa kanibebea godoro. Mchana Bibi kapika dengu zote za mchezo.
Nimepanga vitabu mezani. Kutoka dirishani naona zizi.
Alasiri Kulwa kasimama mlangoni na daftari la hesabu. Nikamwambia aingie. Alisikia mara ya kwanza.