Muhuri Uliokosa Mpokeaji

Chumbageni, Jumatano

Kanichagua mimi! Daktari mkuu alimwambia aache uenyekiti wa chama cha wasimamizi wa hospitali, la sivyo atahamishwa mbali bila mke. Leo Yusufu wangu, mume wa miezi miwili tu, amejiuzulu mbele ya wenzake.

Lakini amerudi na muhuri wa chama mfukoni. Hakuna aliyekubali kuupokea. Makamu wake, Mzee Kombo, alimwambia, "Mwanangu, wewe wa mke mmoja unaogopa, mimi wa wawili je?" Wakacheka, wakatawanyika.

Nimeufunga katika kanga yangu ya harusi, nikauficha sandukuni. Ukikutwa kwetu, nani ataamini kwamba amejiuzulu? Kila kengele ya baiskeli ikilia nje, nadhani ni tarishi na barua ya kunitenga na mpenzi wangu.