Tarakimu za Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na ule moto wa nyayo umepungua. Huku kiwandani tunaendelea na kazi ya kutengeneza mashine.

Umeshaniuliza sana kile kimashine cha kupimia sukari kitafika lini. Najua umechoka kumpelekea jirani hicho ulichonacho akusomee namba, naye akishasoma, mtaa mzima unajua sukari yako. Ndiyo maana nilimwomba mkuu wangu tutengeneze chenye tarakimu za Kiarabu, zile ulizofundishwa utotoni. Alikubali, akasema wako wengi kama wewe.

Kumbe haraka haraka haina baraka. Fundi mwenzangu, tunayemwita Chapuchapu, alisikia Kiarabu huandikwa kutoka kulia, akazigeuza na tarakimu. Wewe ungemcheka, maana unajua makumi hukaa kushoto kwa mamoja kama kwingine kote. Sisi hatukugundua kwa uvivu wa vidole: kila tukijaribu kioo, tunabonyeza kitufe kimoja cha tarakimu mara mbili. Kumi na moja, ishirini na mbili. Hizo hata uzigeuze, ni zilezile.

Siku ya kuzifunga mashine kwenye maboksi, roho ilinikataa. Nikasema ya mama yangu haiondoki bila kuonja damu. Nikajichoma kidole, asubuhi, sijatia kitu mdomoni. Kioo kikaonyesha thelathini na moja. Chapuchapu akanitania kwamba mwenye sukari hiyo angekuwa amelazwa, si amesimama anabishana naye. Tulipochunguza, tukaona tarakimu zimepinduka. Hapo utani ukamwisha, kwa sababu mgonjwa angejidunga dawa kwa namba ya uongo. Tukarekebisha siku hiyohiyo, na mkuu akanisifu mbele ya watu.

Mama, katika kushangilia kule, hakuna aliyeitazama tena ile namba. Ukizirudisha tarakimu mahali pake, ni kumi na tatu. Wewe unajua maana ya kumi na tatu kabla ya chai. Nimekwenda hospitali, wamenipima upya, na ni kweli, sukari ninayo. Naogopa, na sikutaka uyasikie kwa mwingine.

Mashine yako anakuletea dada. Mimi nakuja mwisho wa mwezi, unionyeshe pa kuchoma kidole pasipouma sana.

Msalimie baba na wote wanaoniulizia.

Ni mimi kitindamimba wako, niliyerithi pua yako, na sasa hili.