Upinde wa Mwita

Jumatatu, 3 Juni 1996

Maji hakuna tena. Nimeshuka hadi mfereji wa chini mara mbili, Boke mgongoni. Halafu mtaa wa Ayany, kuwafulia watu nguo. Mashuka sita, sweta za shule, jinzi ya mwenye nyumba ambayo haikamuliki. Vidole vimepasuka.

Nimerudi saa saba nikamkuta Mwita kitandani. Hii ni mara ya tatu kwa wiki mbili anatoka kazini mapema. Anasema ni moto wa welding, macho yamechoka. Nimekata kiazi kibichi nikamwekea vipande machoni, kama mafundi wote wanavyofanya. Boke akauliza kwa nini baba amevaa chakula. Tumecheka wote.

Mwita alipotoa vipande aliangalia mlangoni, si kwangu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye.

Jumatano, 5 Juni

Nimeenda Kawangware kuchukua vifaa vyake. Ameniambia ameacha kazi mwenyewe, ati Njoroge ana mdomo mchafu.

Njoroge ndiye bosi wake, na ploti yote ile ni yake. Hakuwa na mdomo mchafu. Alinipa kiti. Akanionyesha geti lililorudishwa na mteja mara mbili. Bawaba ya chini imechomelewa kando kabisa, kama mtu amefunga macho.

"Mama Boke, mimi sijamfukuza. Huyo kijana haoni. Mpeleke hospitali ya macho hata leo."

Nimerudi kwa miguu nikibeba gunia la vifaa. Njia nzima nimepanga jinsi ya kumwambia. Nilipofika alikuwa anamwimbia Boke wimbo, anamrusha juu na kumdaka. Nikasema vifaa hivi hapa. Basi.

Sikumwambia. Naogopa. Asipoona hakuna kazi, na kwao hakuna shamba, baba yake mdogo aliliuza. Nikinyamaza pengine ni uchovu tu.

Ijumaa, 7 Juni

 Leo Mwita amenieleza habari za upinde.

Kwao Kuria kijana akishatahiriwa anapewa upinde wake. Yeye aliletwa Nairobi kwa mjomba akiwa mdogo, akatahiriwa hospitalini, akapewa soda. Upinde hakupewa. Ananiambia haya kama mtu anayedai haki yake. Miaka mitano ya ndoa sijawahi kuyasikia.

Sasa anataka kuununua wake wa kwanza. Awinde msitu wa Ngong Road. Kuna sungura, kuna kanga, hata paa. Tutakula nyama, nyingine atauza kwa wenye hoteli.

Nimemwambia kuwinda ni makosa, atafungwa.

"Kwani serikali inahesabu sungura?"

Nimecheka ingawa sikutaka. Yeye pia. Muda mrefu sijaona uso wake hivi. Ndiyo sababu sikusema hapana.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya kanisa tumeenda Kawangware kwa Mzee Mutiso, Mkamba anayewatengenezea walinzi pinde. Anakaa nyuma ya duka la makaa. Redio yetu tumeibeba kwa mfuko. Ndiyo tuliyobadilishana naye.

Sikujua kununua upinde kuna mambo. Nilidhani unachagua kama sufuria. Mzee hakumruhusu Mwita kuchagua. Alimpima mkono kwa kijiti, akamshika bega, akamwambia avute kamba ya katani iliyofungwa ukutani ajue nguvu zake. Ndipo akatoa upinde mmoja kutoka juu ya paa la ndani, mweusi kwa moshi. Kamba yake ni ya mshipa wa ng'ombe. Akaonya mambo mawili: usivute kamba na kuiachia bila mshale, mti utapasuka. Usiulaze ukiwa umefungwa kamba, utachoka na kufa.

Halafu sheria yake. Hamuuzii mtu ambaye hajaona mkono wake. Mishale mitatu kwenye gunia la vumbi la mbao.

Wa kwanza ulipita juu ya gunia. Wa pili ulichimba chini. Wa tatu uliingia kwenye banda la kuku, kuku wakapiga kelele mtaa mzima.

"Kijana, hawa kuku wamekukosea nini?" Mzee akauliza.

Walinzi waliokuwa pale walicheka hadi wakashika magoti. Mwita alisema jua linampiga usoni. Hakukuwa na jua. Juni hii yote ni wingu.

Mzee hakucheka tena. Alimwangalia Mwita, kisha mimi. Akasema mama naye ajaribu. Nilimfungua Boke mgongoni nikamweka chini. Nikavuta. Mshale ukashika pembe ya gunia. Wale walinzi wakapiga makofi, mmoja akaniuliza kama natafuta kazi.

Mwita hakupiga makofi. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Umepata?" Alikuwa hatua nne kutoka kwenye gunia.

Mzee alitaka kutupa pia sumu ya mishale, imefungwa kwa ngozi. Nikakataa. Nyumba yetu ni chumba kimoja na mtoto wa miaka mitatu anayeonja kila kitu. Mwita alisema bila sumu paa atakimbia. Nikasema akimbie. Hapo sikurudi nyuma.

Tukiondoka Mzee alinivuta kando. "Upinde nimekuuzia wewe. Huyu asiende nao peke yake. Umenisikia?" Nikasema nimesikia.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi na mapema tumeenda uwanja ulio karibu na reli kabla watu hawajaanza kupita. Tumefunga gunia kwenye nguzo. Yeye ananifundisha mimi. Amesema mke wa mwindaji lazima ajue. Sote wawili tunajua kwa nini ni mimi ninayepiga, hakuna anayesema.

Mikono yake inajua kila kitu. Ananishika kiwiko anakishusha. Anasimama nyuma yangu, anasikiliza. "Kamba imelia vibaya, umeachia kwa kidole kimoja." Kweli. "Hiyo sasa imelia vizuri." Kweli tena. Macho yake yalikuwa yanaangalia upande wa reli.

Nimepata gunia mara saba. Nimefurahi halafu nikaona aibu kufurahi.

Jumamosi, 15 Juni

Boke nimemwacha kwa jirani, Mama Atieno. Tumeingia msituni na umande. Mwita mbele, amebeba upinde kama mtu anayekwenda kwao.

Alisikia kanga kabla yangu. Alinionyesha kwa kidole mahali walipo, na kweli walikuwa pale, tisa, wanachakura. Akapiga. Mshale uliingia kwenye kichaka mbali nao. Mwingine hivyohivyo. Akaniuliza amekosa kwa kiasi gani. Nikasema kidogo tu, shauri ya upepo.

Nimemdanganya. Ilikuwa mbali kama kutoka mlango wetu hadi choo.

Alijikwaa kwenye gogo jeupe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Aliumia goti. Akasema gogo limejificha.

Tumerudi mikono mitupu, yeye anaimba. Mimi nimechoka. Ningemwambia leo. Nimesema kesho.

Jumatatu, 17 Juni

Sijamwambia.

Jumatano, 19 Juni

 Nitaandika tu.

Leo nilikuwa Ayany kufua. Mwita alimpeleka Boke kwa Mama Atieno, akachukua upinde, akaenda msituni peke yake.

Saa tisa nikiwa naanika nguo za kwetu nimemwona anakuja. Ameshikwa mkono na shosho mmoja, bibi kizee Mkikuyu wa upande wa Kawangware, mwembamba, ana mzigo wa kuni mgongoni na kamba ya mzigo kichwani. Kwenye ule mzigo kuna mshale umesimama. Mshale wetu. Umepita kuni mbili ukaishia ya tatu.

Alikuwa ameinama akiokota kuni. Mwita alisikia majani, akaona kitu cha kahawia, akadhani ni paa, akapiga.

Nilipiga magoti mbele yake papo hapo kwenye matope.  Watu wakaanza kukusanyika. Shosho angeweza kupiga kelele na leo ningekuwa mjane. Hapa Kibera umati hauulizi mara mbili, unaua.

Akasema, "Simama wewe. Miaka yote nimeishi, hakuna mwanamume amewahi kuniita paa." Watu wakacheka, hawakujua wanacheka nini, wakaondoka.

Ndani alikunywa chai. Alisema Mwita alipojua amempiga mtu aliangukia magoti akaanza kupapasa chini, anamtafuta, na yeye shosho amesimama mbele yake. Ndipo alipoelewa. Akaacha kukasirika, akamshika mkono. Amemtembeza kutoka msituni hadi hapa, mzigo mgongoni.

"Nimekuletea mtu wako. Kwa nini unamwachilia hivi?"

 Nilimsaidia kuchomoa mshale. Nikamsindikiza na kuni zake hadi Ngong Road, mimi nikibeba. Alitembea pole pole, mwishoni akanishika shavu.

Niliporudi Mwita alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani.

"Mama Boke. Sioni."

Nikamwambia najua. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu tarehe tano, Njoroge aliniambia.  Halafu akasema, "Ulinipeleka kununua upinde."

Ndiyo. Nilimpeleka.

Ijumaa, 21 Juni

Hospitali ya macho. Foleni tangu alfajiri. Boke amelala kwenye mapaja ya mtu tusiyemjua.

Daktari ni msichana, mdogo kuliko mimi. Ameangalia kwa mashine. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Si moto wa welding. Ni presha ndani ya jicho, imeua mshipa pole pole bila maumivu. Kilichokufa hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda hicho kidogo kilichobaki, na hawezi kuahidi.

Nimemuuliza kuhusu viazi. Amesema haviumizi wala havisaidii.

Nimemuuliza wiki mbili zingebadilisha nini. Amesema pengine hakuna. Pengine. Hilo neno nimerudi nalo nyumbani.

Jumapili, 23 Juni

Mwita hakwenda kanisani. Nilimkuta anataka kuuweka upinde kwenye jiko. Anapapasa jiko liko wapi. Nimeuchukua. Akasema upinde ni wa mwanamume, anauchoma akitaka. Nikasema niliuziwa mimi.

Maneno mabaya. Sijutii. Nimelia huko nje nyuma ya nyumba, nikaosha uso, nikapika.

Jumamosi, 29 Juni

Yeye ndiye aliyeomba turudi msituni. Mara moja tu, akasema. Mara moja halafu basi.

Tumekaa chini ya mti, mgongo kwa mgongo. Ukungu. Nilikuwa namwambia kila kitu ninachoona kwa kunong'ona, na safari hii sikuongeza wala kupunguza. Nimemwambia pia kuhusu wale kanga, kwamba alikosa mbali sana. Akasema alijua. Mtu anayekosa kidogo anasikia mbawa.

Akanigusa goti. Kushoto, karibu, chini. Sikusikia kitu. Nikageuka taratibu, na kweli, sungura, masikio yamelala. Nikavuta. Sikufikiri. Kamba ikalia na yeye akasema "ndiyo" kabla sijajua kama nimepata.

Nimepata. Alipiga teke mara mbili.

Nilipomwinua vidole vyangu vililowa, si damu. Maziwa. Alikuwa ananyonyesha. Nilikaa pale nimemshika. Mwita akauliza kuna nini. Nilitaka kusema hakuna kitu. Nikamwambia. Akanyoosha mkono, akamgusa tumbo, akaacha mkono wake hapo.

Tumetafuta watoto wake hadi jua lilipotoka. Mimi nikiinama kwenye vichaka, yeye akisikiliza. Hatukuwapata.

Jumatatu, 1 Julai

Nimeenda Ayany, nimefua, nimerudi. Mama wa nyumba ya pili anataka nianze kumfulia pia. Nimekubali. Zitakuwa siku sita kwa wiki.

Mwita ameshinda na Boke. Wamechambua maharagwe pamoja. Yamebaki mawe machache, nimeyatoa bila kusema, halafu nikakumbuka, nikasema. Akasema mangapi? Nikasema matano. Akasema si mabaya.

Mvua imeanza saa kumi na mbili ikaleta giza mapema. Nimepakua. Boke amesinzia kabla ya kumaliza. Mwita akala polepole, halafu akauliza kama sitawasha taa.

Ilikuwa imewaka, mezani, mkono wake wa kushoto.

Nikamwambia imewaka.

Akasema sawa. Akaendelea kula.