Usisimame Kanisani, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Akheri? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Huku Mtwara joto ndilo linalonisumbua, mengine ni nafuu. Dawa nameza asubuhi na jioni bila kuruka, na tangu siku ile nilipoanguka ofisini sijaanguka tena.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako unaiweka spika na nyumba nzima inasikia. Anayekuletea ni dada Rehema, muuguzi wa hapa anayekuja Arusha kwa likizo. Anaondoka kesho, kwa hiyo Jumapili itakukuta umeshasoma.

Jana ulipopiga ukilia nilishindwa kusema vizuri. Nilikutumia picha ya majibu ya hospitali umwonyeshe mama Kito, jirani yetu wa zahanati, akueleze kifafa ni ugonjwa gani. Mama Kito peke yake. Wewe ukaiweka kwenye kikundi cha akina mama wa usharika ili waniombee. Najua ulitaka tu waombaji wawe wengi. Lakini mmoja akamrushia dada yake anayeishi Sombetini, naye akamrushia mwingine, na hazikupita siku tatu majibu yangu yakawa yamefika mtaa wa Kwa Mrombo, kwenye simu ya shangazi yake Godlisten. Godlisten huyo huyo mchumba wangu, niliyetaka kumweleza mwenyewe, ana kwa ana, kabla wazee wake hawajaja kwetu kuleta posa.

Niliumia, Mama. Sitakuficha. Nililia chooni kazini halafu nikanawa uso nikarudi mezani.

Na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kila mfanyakazi mpya wa hospitali hii mimi ndiye ninayemkalisha nimweleze sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, kwamba habari za ugonjwa ni za mgonjwa na hazitoki bila ridhaa yake. Juzijuzi nimemgombeza daktari mzima kwa kuacha faili wazi mezani. Bosi wangu aliposikia yaliyonipata akasema, "Peleka malalamiko, haki unayo." Nikamuuliza, "Nimlalamikie nani, mama yangu mzazi?" Hospitali sheria inaweza kuibana. Lakini simu za akina mama, kila moja na nakala yake, sijui nani atazifuata moja moja.

Sasa ombi langu. Ulisema Jumapili utasimama wakati wa matangazo uwaombe wote waifute ile picha. Tafadhali, Mama, usisimame. Nakujua. Utaanza kwa kueleza ni picha ya nini, na hata wazee wa kanisa wasio na simu watajua. Mwambie tu kiongozi wa kikundi kwa upole aiondoe, na wewe uifute kwako. Itakayobaki ibaki.

Godlisten alinipigia juzi. Hakuwa na hasira. Aliniuliza, "Ungeniambia lini?" Nikasema Desemba, nikija likizo. Akasema, "Desemba mbali, Aneth." Na ukweli ni kwamba nilikuwa naiogopa hiyo Desemba. Kama posa itakuja au haitakuja, bado sijui. Nimeomba ruhusa, nakuja mwisho wa mwezi. Nitakaa naye nimweleze tangu mwanzo, kama vile hajasikia kitu.

Kabla sijafika anaweza kupita hapo nyumbani. Mpe chai na ndizi, mzungumze habari za mvua. Usimweleze, usinitetee, wala usimwite mama Kito aje kumtoa wasiwasi. Akiuliza, sema, "Aneth atasema mwenyewe," basi. Najua kwako hiyo ni kazi kuliko kupalilia shamba zima.

Bibi msalimie sana, kitenge chake nimeshakipata, cha njano kama alivyotaka. Baba mdogo naye mpe pole ya mgongo. Mdogo wangu Vaileth nampenda, ila barua hii asipewe.

Na kuniombea usiache, Mama. Nayahitaji maombi yako kama ninavyohitaji hizi dawa. Ila safari hii funga mlango, uombe peke yako. Hata jina la ugonjwa usilitaje. Mungu yale majibu alishayaona.

Mzaliwa wako wa kwanza,
Aneth