Koo Lililonyamaza

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekunywa chai bila kukohoa hata mara moja. Mama kafurahi, kampigia Shangazi simu palepale: mtoto amepona koo! Mtoto mwenyewe ni fundi cherehani, nina wateja wangu na ubishi wangu. Nilizaliwa na maji mengi kichwani. Nina mpira chini ya ngozi unaoyatoa huko na kuyashusha tumboni, na tangu utoto nikinywa tu, napaliwa. Sasa kimya. Ila homa haikatiki, na kichwa kinagonga.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Mtaalamu wa kumeza — kumbe kuna kazi hiyo! — kaninywesha dawa nyeupe mbele ya eksirei. Nikajiona kwenye skrini. Ulimi unasukuma, koo linapanda, kifuniko kidogo kinaziba njia ya hewa. Shughuli yote hiyo, kila siku, ndani yangu mimi! Nilisahau hata kuogopa.

Halafu kifuniko kikachelewa. Weupe ukateremka kuelekea mapafuni. Sikukohoa. Sikuhisi kitu.

Mtaalamu kasema homa imetoka hapo. Koo halijapona, limekufa ganzi. Mpira wa kichwani huenda umeziba na ubongo unabanwa, kwa hiyo watauangalia. Koo lisipoamka, nitalishwa kwa mrija maisha yangu yote. Mama alikuwa kasimama mlangoni. Alisikia yote.

Jumapili, 9 Machi
Kweli mpira uliziba. Nimepasuliwa, nimewekewa mpya. Kichwa chepesi. Chakula kinapita puani kwa mrija, hakina ladha, hakina hata adabu. Mama anaenda kula nje ya wodi ili nisitamani. Akirudi namnusa.

Jumanne, 11 Machi
Mtaalamu kaja na maji, kijiko kimoja. Kaniambia niinamishe kidevu, kaweka vidole kooni pangu. Nikameza. Nikapaliwa — nikakohoa mpaka machozi, mshono ukauma. Mama kakaa kitandani, anasema basi tena, mwanangu.

Mtaalamu anatabasamu. Anamwambia koo limeyahisi maji. Mwili umeyafukuza wenyewe, mimi sikuuambia kitu. Nimebaki kushangaa, mkono kooni, kama nimepewa koo la mtu mwingine.

Mrija bado uko puani. Kumeza salama ni safari nyingine, kasema, na hanidanganyi. Sasa anakoroga unga kwenye maji yawe mazito kidogo, yateremke polepole. Mama kasimama, kamwomba kijiko. Anataka kuninywesha mwenyewe, anisikie nikikohoa.