Hesabu za Chiriku

6 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Natumaini unakaa walau kidogo kati ya mteja na mteja. Mimi ni mzima, ila mikono imeiva kwa mvuke. Hapa hotelini tunapiga pasi mashuka tangu asubuhi na bado yanaletwa.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu ukishika simu tu, Chiriku wangu anakuwa masikio matupu. Mwalimu wake amenitumia ujumbe. Anasema kazi za nyumbani mtoto hazifanyi, na zile chache alizopeleka zina miandiko ya watu wazima. Baba, kuna nini hapo? Juzi nilimwambia, "Ukifeli darasa la nne, nitaacha kazi nije nikukalie mwenyewe!" Nadhani ameogopa.

Naomba hivi tu: akitoka shule ale, apumzike, kisha akae mezani, kila siku wakati uleule. Asaidiwe, lakini asifanyiwe.

Mimi bintiyo

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanung'unika lakini unatii. Huku tuko salama.

Miandiko hiyo ni ya kweli. Chiriku alikuwa anasomea kwenye benchi la wateja. Anauliza kwa sauti, "Saba mara nane?" na unajua watu wakisubiri kunyolewa hawana kazi nyingine. Fundi redio anasema hamsini na nne, muuza viatu anasema hamsini na sita, wanabishana mpaka namwacha mtu na nusu kichwa. Mshindi ananyakua kalamu anaandika mwenyewe.

Baraza hilo nimelivunja. Nimemhamishia meza ya jikoni, redio nimezima. Anakaa, hana ubishi. Lakini anachonga penseli tu, mpaka imebaki kama njiti ya kiberiti, na ukurasa ni mweupe. Nikimwuliza kwa mdomo anajibu yote, upesi kuliko mimi. Akitakiwa kuandika, hakuna kitu. Hapo ndipo nimekwama.

Babayo

27 Februari

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya ulezi uliyodhani umeshastaafu. Mimi sijambo.

Usimgombeze. Labda kazi inamtisha ikiwa nyingi. Mpe swali moja, alimalize, ndipo umwonyeshe linalofuata. Na umwulize kwa upole, siyo akiwa mezani. Pengine kuna mtoto anamcheka darasani.

Bintiyo

11 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo kwa mwili.

Nilimwuliza. Tulikuwa tumefunga saluni, mimi nafagia nywele, yeye ameshika kizoleo. Kabla sijafika mbali, yeye ndiye aliyeuliza: "Babu, mtu akifeli kabisa, matokeo yanatoka lini?"

"Ya nini hayo, mjukuu wangu?"

"Nijue mama anakuja lini."

Nikasimama. Akaniambia bila hata kuona aibu: "Alisema nikifeli atakuja kukaa na mimi. Lakini hesabu ni rahisi, Babu. Nikiziandika nitapata."

Mwanangu, wewe ulitoa tisho, yeye akalipokea kama ahadi. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Babayo

2 Aprili

Mwanangu,

U mzima lakini? Umenyamaza sana. Kwenye simu unazungumza habari za mvua. Penseli nyingine imekwisha.

Babayo

20 Aprili

Baba,

Shikamoo, na nisamehe kwa kimya. Barua yako niliisoma kazini, pasi mkononi, nikaunguza shuka katikati. Msimamizi akaja juu. Nilikuwa nimeshaanza kulia, basi nikamweleza yote. Mama yule mkali aliizima pasi mwenyewe, akanivutia kiti.

Nimeomba likizo. Amesema huenda mwisho wa muhula, hakuahidi. Kwa hiyo na mimi simwahidi mtoto. Ila mwambie hivi kwa maneno yangu: siku nitakayokuja, nitakuja kwa sababu yeye ni mwanangu. Afaulu, afeli, alama haziwezi kunileta wala kunizuia.

Jioni nina mapumziko mafupi. Nitapiga, uweke simu mezani. Hesabu sitamfanyia. Mimi nitakunywa chai yangu, yeye aandike.

Bintiyo

2 Juni

Mwanangu,

Habari za huko? Huku ni njema, safari hii njema kweli.

Wewe unasikia upande mmoja tu wa simu, acha nikupe wa pili. Siku za kwanza, kila mstari aliinua kichwa: "Mama, upo?" Ukisema "nipo," anaandika. Siku hizi anaweza kumaliza ukurasa hajauliza. Juzi mashine zenu zilipoharibika ukashindwa kupiga, aliitazama ile simu mpaka nikamhurumia. Nikavuta kiti nikaanza kumenya viazi, kimya. Akaguna, akaandika. Kesho yake alirudi na alama mbili za kukosa, akanionyesha kwa maringo: "Hizi nimekosa mwenyewe, Babu!"

Na wale wa benchi wakipiga kelele, anatoa kichwa mlangoni: "Watu wanasoma humu!" Fundi redio amenywea.

Babayo

24 Juni

Baba,

Shikamoo. Andika haraka kama umepata, maana siamini: likizo imekubaliwa! Nafika Jumamosi ya pili ya Julai, shule zikifungwa. Nitakaa wiki tatu, kisha nirudi kazini. Usimwambie kwanza, nataka nimwone uso.

Bintiyo

29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata, na nimemwambia. Mimi ni kinyozi, siri ningeijulia wapi?

Hakuruka kama nilivyotegemea. Alinitazama, akasema polepole, "Lakini sijafeli."

"Hujafeli," nikamwambia. "Na anakuja."

Akatoka nje, akazunguka nyumba. Nilipomfuata alikuwa amekaa ngazini, analia na kucheka pamoja, kamasi mpaka kidevuni. Nikamfuta kwa taulo la wateja. Ametaka niandike jambo moja, nami naliandika neno kwa neno:

"Mwambie mama akija asinisaidie hesabu. Akae tu hapo."

Babayo